Kwa Kina Chake

Nilikuwa na firimbi.
Firimbi, fulana ya chama na shilingi mia tatu:
hiyo ndiyo iliyokuwa siasa yangu.
Uwanjani Tononoka, akishika maikrofoni mtu asiye wetu,
nilipuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama.
Hata leo ukiniuliza alisema nini yule mama wa Likoni
aliyepanda juu ya gari na karatasi zake,
sijui.
Kazi yangu ilikuwa asisikike,
na mimi ndiye niliyekuwa karibu naye kuliko wote.

Ngumbaru nilikwenda kwa sababu nyingine.
Nilitaka cheti; bandarini, bila cheti, hata geti hulioni.
Jioni, shule ya msingi pale Majengo,
madawati ya watoto, magoti kidevuni,
na Mwalimu Tima Athmani, chaki sikioni kama seremala.
Akanikalisha na nani? Na Mwero Chengo.
Mwero wa fulana ile nyingine.
Mwero aliyenirushia pakiti ya maji mwezi wa Julai
ikanipasukia kifuani, nami nikamtajia mamake
kwa neno ambalo siliandiki hapa.

"Sitaki mpatane," akasema mwalimu.
"Kupatana upesi ni kutoroka. Nataka mbishane."
Akaandika ubaoni: soko lihamishwe, au libaki?
Na sheria moja tu, ya watunzi wa mji huu tangu jadi:
ukimjibu mtu, mjibu kwa kina chake.
Alipotua yeye, nawe utue papo hapo.
Huwezi kurudisha kina ambacho hukukisikia.

Mwero akahesabu mizani kwa vidole, akasimama:

Soko mkilihamisha, mamangu auze nini?
Nyanya ndizo hutulisha, tangu tuko utotoni
Nauli itamchosha, arudi kapu kichwani
Niambieni maisha, yatakwendaje nyumbani?

Nilicheka. Kisha nikapewa kalamu.

Siku nne.
Nilitaka kuandika "mjinga", lakini mjinga haishii kwa ni.
Nilitaka "wezi". Wezi haikai.
Matusi yangu yote, niliyoyasomea kwa vitendo,
moja baada ya jingine yakagoma mlangoni mwa beti.
Ikabidi niende Kongowea alfajiri
nikamtazame huyo mama.
Mwanamke mfupi, leso mbili,
anapanga nyanya mafungu ya tano tano,
iliyopondeka akiigeuza upande mzima ukutazame.
Nikanunua fungu. Sikujitambulisha.

Mwero umenikumbusha, nyanya za mama sokoni
Bali masika yakisha, uchafu hubaki chini
Watoto huwaharisha, wakaishia wodini
Papo tukipasafisha, wewe utasema nini?

Alihesabu. Niliviona vidole vyake chini ya dawati
vikitafuta kosa.
"Nini yangu umenirudishia mwenyewe," akasema.
"Ndiyo."
"Kuhamisha bado napinga."
"Pinga. Na kusafisha?"
Akanyamaza, akakuna shavu. "Kusafisha atalipa nani?"
Hilo sikuwa nalo jibu.
Mwalimu akafuta ubao, hakusema nani kashinda.

Jumapili nikaitwa tena Tononoka.
Mia tatu, fulana mpya, firimbi ile ile.
Akapanda mtu wetu, wetu kabisa, picha yake kifuani pangu,
akaanza: wale ni mbwa, wale ni wageni, wale ni kupe.
Nikajikuta nahesabu.
Natafuta anapotua, nimshike hapo,
nimrudishie neno lake nimuulize, nalo soko?
Hakutua popote.
Watu walishangilia; mimi nilikuwa nimekunja vidole
kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nikanyosha mkono.
Mwenzangu akanipiga kikumbo: "We, una wazimu? Puliza!"
Kiongozi wa kikosi akanionyesha ishara
kwamba pesa yangu imekwenda.
Jua la saa nane. Jukwaani hakuna aliyeniangalia;
pale hapakuwekwa mtu wa kuangalia mikono.

Ukachoka.
Nikaushusha, nikanyosha wa pili.